Nimemshonea rafiki yangu kwilti ya mtoto kwa kanga kuukuu za familia yake: vitambaa, vipimo na hatua zote

MshonaPindo

Wakubwa shikamooni, na wengine habari za jioni.

Rafiki yangu wa tangu shule amejifungua mtoto wa kike huko Lushoto, mtoto wake wa kwanza. Anayeijua Lushoto anajua Juni na Julai hali inavyokuwa: ukungu hauondoki mapema na maji ya bomba hayashikiki. Kanga mpya, sabuni na mabeseni ataletewa na kila anayekwenda kumpa hongera, na ndivyo inavyopasa. Mimi nilitaka kumpelekea siku ya arobaini kitu ambacho mtoto atakitumia mpaka aanze shule. Nikamshonea kwilti. Kwa asiyeijua, ni tandiko jepesi la matabaka matatu: juu viraka vilivyoungwa, katikati kitambaa cha kutia joto, chini kitambaa kizima, na yote matatu yanashikwa kwa mishono inayopenya mpaka upande wa pili.

Naandika uzi huu kwa sababu maelekezo mengi yaliyoko mtandaoni ni ya watu wa Marekani na Uingereza. Wao wana mashine ya kufulia na ya kukaushia, wana pamba ya kujazia inayouzwa kwa mita, na nguo ya mtoto wakiipiga pasi ni kwa kuinyoosha tu. Sisi tunafua kwa mkono, tunaanika kwenye kamba au juu ya majani, kisha tunapiga pasi ya moto kila kinachomgusa mtoto kwa sababu ya yule inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi. Buu wake akiingia kwenye ngozi, linatoka jipu lenye mdudu ndani, na aliyewahi kumkamua mtoto mchanga jipu lile hasahau. Kwa hiyo sharti la kwanza la kwilti ya kwetu ni ihimili pasi ya moto pande zote mbili, kila inapofuliwa. Sharti hilo peke yake linaamua karibu kila kitu kinachofuata.

Maana yake ni pamba tupu, juu, katikati na chini. Mablanketi laini ya manyoya yanayouzwa kwa ajili ya watoto ni poliesta. Pasi ikiyagusa yanang'aa, yanakakamaa, mwisho yanayeyuka. Hata kanga siku hizi zipo za poliesta, na kwa macho unaweza kudanganyika. Chomoa nyuzi mbili tatu pembeni uzichome kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, inaacha jivu laini la kijivu. Poliesta inajikunja, inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Uzi wa kawaida wa cherehani hauna shida.

Na kwa kwilti ya mtoto sitaki kanga mpya upande wa juu. Kanga iliyofuliwa miaka haisinyai tena, haichuji rangi tena, wanga wa kiwandani umekwisha kabisa, na ni laini kuliko chochote utakachonunua dukani leo. Ndiyo maana bibi zetu walimpokelea mtoto kwenye kanga kuukuu na kumfungia nepi za kanga kuukuu. Nilimpigia simu mama yake rafiki yangu, nikamweleza ninachotaka kufanya. Akatoa kanga mbili. Shangazi yake akatoa moja. Bibi wa upande wa mume, nilipofikishiwa kwake salamu na ombi, akatoa kanga yake ya kisutu, nyekundu yake imeshakuwa ya tofali.

Vipimo naweka posti inayofuata, hii imekuwa ndefu.

Kambini_Ilala

Nimekaa mbele kabisa, dada. Weka na picha basi.

MshonaPindo

Picha nitaomba ruhusa ya mwenye mtoto kwanza.

Vipimo. Nimefanya inchi 36 kwa 36, ambazo ni kama sentimita 91. Ukubwa huo unatosha kutandika chini mtoto akachezea, na baadaye unatosha kumfunika mpaka anapotimiza miaka minne hivi. Viraka vya mraba vya inchi 5, jumla 36, yaani sita kwa sita. Kila mshono unakula robo inchi kila upande, kwa hiyo kiraka kinabaki inchi 4½ na sita zikiungwa ni inchi 27. Kuzunguka hapo nikaweka pindo la kanga lenyewe, ukanda wa inchi 5 unaobaki 4½ ukishashonwa. Kanda mbili zikatwe urefu wa inchi 27½, mbili inchi 36½. Jumla unapata 36.

Mji wa kanga ukikatwa miraba, maua yanakatika ovyo. Msiogope hilo. Nusu ya embe huku, robo ya korosho kule, zikikaa karibu karibu macho yanaziunganisha. Kitu kimoja tu cha kusimamia: kata kwa kufuata mtande, yaani nyuzi za urefu wa kitambaa. Ukikata hanamu kidogo tu, kiraka kinavutika kwenye cherehani na safu zako hazitakutana pembeni. Kanga kuukuu aghalabu imeshakwenda mrama kwa kuvutwa na kufungwa. Inyunyize maji, mshike pembe na mwenzako mvute kwa kukingama mpaka mistari ya pindo inyooke, halafu pasi.

Katikati nimeweka blanketi jepesi la pamba la mtumba. Kwa Dar, Tanga au Mombasa blanketi ni joto mno. Weka shuka la pamba lililochakaa kidogo, au kanga nyingine tu. Pamba mbichi ya kuchambua na sufi msijaribu. Vyote viwili vinajikusanya mabonge ukishafua mara ya kwanza, na sufi inavunjika vumbi, vumbi lenyewe linatafuta njia ya kutoka kwenye mishono mahali mtoto anapopumulia.

Chini ndipo nilipoweka kanga mpya, moja nzima, baada ya kuiloweka na kuifua mara mbili. Kanga ina kama sentimita 150 kwa 110, kwa hiyo mraba wa inchi 40 unatoka na jina lake linabaki lote. Nilichagua "Nani kama mama". Angalieni sana jina mnalochagua, maana kanga nyingi ni za kurushiana maneno, na mzazi aliyelala na mtoto hahitaji kulalia fumbo la mtu.

Nilitandaza kanga ya chini sakafuni, uso wake chini, nikaibana pembe kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Juu yake blanketi, juu yake viraka. Nikapiga bandi ndefu za mkono, yaani mishono mirefu ya kushikiza, kutoka katikati kwenda nje kama miale, ili mikunjo isukumwe pembeni. Ndipo nikapita na cherehani, mistari iliyopishana inchi 3, tena kuanzia katikati. Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Nililegeza mkandamizo wa mguu unaoshika kitambaa, nikarefusha mshono, nikatumia sindano namba 16. Usipolegeza, tabaka la juu linasukumwa mbele na la chini linabaki nyuma.

Pindo la mwisho: vipande vya inchi 2½ vilivyokunjwa katikati kwa urefu, vinashonwa kwa cherehani upande wa juu, vinageuzwa na kumaliziwa kwa mkono upande wa chini. Mzunguko ni inchi 144, kata jumla ya 156 ili zibaki za kuungia na kugeuzia pembe. Kwa pembe za mraba mkato wa kawaida unatosha. Hanamu inahitajika tu kama umezungusha pembe.

BiMwana_Kisauni

Mwanangu, kazi nzuri, Mungu akujaalie. Lakini na mimi niseme la moyoni. Hapa Mombasa ukimpelekea mzazi zawadi ya viraka, tena vya leso zilizovaliwa, hizo mnazoziita kanga, wako watakaosema umemdharau. Kiraka kwetu ni alama ya shida. Mama mkwe akiifungua mbele za watu na asijue habari ya kwilti, atauma midomo, na lawama ataibeba mkewe mwanawe, wewe umeshapanda basi kurudi kwenu. Wajua hilo ulilifikiriaje?

Kambini_Ilala

Hapo bi mkubwa umegusa penyewe. Mimi mwenyewe nilipoona neno kuukuu kwenye kichwa cha uzi nilishtuka.

MshonaPindo

Shikamoo Bi Mwana. Ulilolisema ndilo lililonifanya niende kuomba kanga kwao badala ya kuchukua mitumba yangu. Zawadi ya nguo chakavu za mtu nisiyemjua hata mimi ningeikataa. Lakini kanga hizi zina wenyewe. Bibi wa upande wa mume alitoa kisutu chake kwa mkono wake, kwa hiyo siku ya arobaini kwilti ilipofunguliwa, yeye ndiye aliyeanza kuwaonyesha wageni: hiki changu, hiki cha mama yake, hiki cha shangazi yake. Pande mbili za ukoo zimeshonwa kwenye kitu kimoja na kila upande unajua umetoa nini. Kama ningewafanyia siri, yangetokea hayo uliyosema.

Na mpangilio nao unasaidia. Viraka vya kuziba tundu huwekwa palipochanika. Hivi vimepangwa kwa hesabu, rangi zinajibizana, pindo limezunguka sawa pande nne. Mtu akiona anajua mtu amekaa akafikiria.

BiMwana_Kisauni

Marahaba mwanangu. Kama wenyewe wametoa, basi hilo limekwisha. Tena umenikumbusha alivyokuwa akitusimulia nyanya yangu, kwamba hata leso yenyewe ilizaliwa hivyo hivyo. Wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya mkononi vya Wareno vikiwa havijakatwa, wakavikata sita, wakaunga vitatu juu na vitatu chini, wakajifunga. Wenye maduka ndipo baadaye wakaagiza nguo iliyochapwa nzima. Kwa hiyo kuunga miraba si jambo geni kwetu, tulilisahau tu.

NesiWaZamu

Habari zenu. Mimi ni nesi wa wodi ya wazazi, na uzi huu umenifurahisha, hasa hapo kwenye pasi. Naongeza jambo moja ambalo naomba kila atakayeshona alichukue kwa uzito.

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asilazwe usingizi na kwilti juu yake wala pembeni yake bila mtu kumwangalia. Mtoto mchanga hana uwezo wa kujitoa nguo usoni. Ikimfunika pua na mdomo anaweza kukosa hewa, na ikiwa nzito joto linamzidi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri mahali anapolala mtoto wa chini ya mwaka pasiwe na mto, blanketi la kujifunika wala kwilti. Alazwe chali, juu ya godoro gumu kiasi lililotandikwa shuka moja lililobana, chini ya chandarua. Kwa baridi ya Lushoto, mvalisheni nguo za kutosha mwilini mwake badala ya kumrundikia vitu juu. Kipimo tunachowaambia kina mama ni tabaka moja zaidi ya analovaa mtu mzima mahali pale pale.

Mtauliza basi kwilti ya nini. Ya kutandika kwenye mkeka mchana, mtoto akiwa macho, alazwe kifudifudi dakika chache huku mama yupo ili ajifunze kuinua kichwa. Ya kumkalishia akianza kukaa. Ya kutandika mapajani kwenye foleni ya kliniki. Akivuka mwaka, ajifunike apendavyo.

Na tafadhali, hakuna vifungo, shanga, wala utepe wa kuning'inia. Kila kilicholegea kitaingia mdomoni.

MshonaPindo

Asante sana nesi. Nilimwandikia karatasi nikaishikiza na kwilti, inayosema ya kuchezea chini mpaka afikishe mwaka. Nilimweleza na mama yake, maana ndiye anayemfunika mtoto usiku kwa mapenzi.

Niongeze na la usalama kutoka upande wa fundi. Hesabu pini zako kabla na baada. Ukimaliza, pitisha sumaku polepole juu ya kwilti nzima, pande mbili. Ncha ya sindano iliyovunjika ndani ya matabaka matatu huioni wala huihisi kwa kiganja, ila sumaku inaikamata.

Mzee_wa_Cherehani

Binti, salaam. Nimekaa kwenye cherehani Kariakoo tangu ujana wangu, kwa hiyo nikuulize kifundi. Robo inchi kwa kanga kuukuu ni kidogo mno. Kanga ni nyepesi, nyuzi zake zimeshalegea, mtoto atavuta, mama atakamua kwa nguvu, mshono utachomoka. Mimi ningeacha nusu inchi, na mishono miwili.

MshonaPindo

Shikamoo mzee. Robo inchi nimeiweka kwa sababu tatu. Nilifupisha mshono, kama kumi na mbili kwa inchi. Mishono ya kushika matabaka inapita kila inchi 3, kwa hiyo hakuna kiungo kinachobeba mvuto peke yake. Na kipande kilichobaki ndani kikiwa kipana, ukilaza pasi vinapandana na kufanya vigongo, hasa pale viraka vinne vinapokutana.

Lakini kanga ikiwa imechakaa kiasi cha kuona mwanga ukiiinua, nakubaliana nawe. Hapo ama uache nusu inchi na ukate viraka vya inchi 5½ ili hesabu ibaki ile ile, ama uweke kitambaa chepesi cha pamba nyuma yake kabla ya kukata. Sehemu iliyochakaa zaidi kwenye kanga ni ile ya kiunoni inapofungiwa. Niliiruka kabisa nikakata karibu na pindo.

Mzee_wa_Cherehani

Marahaba. Mishono kumi na mbili kwa inchi ni sawa, hapo nimekuelewa. Ila wanaoanza waambie waache tatu juu ya nane ya inchi (⅜). Mkono wa mgeni hauwezi kwenda robo sawasawa kutoka mwanzo mpaka mwisho, na mahali ulipopungua ndipo patakapofunguka. Na wakilaza pasi, mshono ulazwe upande mmoja kuelekea kitambaa cheusi zaidi, usipasuliwe katikati kama suruali.

Tumbatu_Asili

Kwetu Zanzibar kuna wazee watakaouliza jengine. Nguo iliyovaliwa haitolewi ovyo, khasa kwa mtoto mchanga, watu wanaogopa husuda. Na vilevile hatutayarishi vitu vya mtoto kabla hajazaliwa. Wewe ulianza lini kushona?

MshonaPindo

La kwanza nimelijibu kwa Bi Mwana: nguo zimetoka kwa watu wanaomtakia mtoto heri, tena hadharani, na zilifuliwa na kupigwa pasi kabla ya mkasi. Bibi alisoma dua kabla hajaikabidhi kanga yake. La pili, hata kwetu Tanga wapo wasiopenda, nami nililiheshimu. Nilianza baada ya kusikia mama na mtoto wote wazima. Arobaini inatosha kabisa kwa ukubwa huu hata ukishona jioni tu baada ya kazi zako.

BabaWawili

Ndugu zangu, mimi ni mwanamume, sina cherehani na sijawahi kushona zaidi ya kifungo. Rafiki yangu tuliyekua naye anatarajia mtoto, na sisi wanaume kwenye mambo haya huwa tunatoa bahasha tu. Ningependa nimfanyie kitu kwa mikono yangu. Inawezekana kwa sindano tupu?

Mtoro_wa_Mysore

Inawezekana, kaka, na nina mfano unaotuhusu. Nilisoma India, jimbo la Karnataka. Kaskazini mwa jimbo lile, wilaya ya Uttara Kannada, wanaishi Wasidi, watu ambao asili yao ni Afrika. Mababu zao walivushwa bahari kwa karne nyingi, wengi kutoka pande zetu hizi za mashariki, wengine wakiwa watumwa, wengine askari na mabaharia. Wanawake wao wanashona kwilti ziitwazo kawandi kwa sindano peke yake, kwa nguo za nyumbani zilizochakaa, na wanazifanya za wakubwa na za watoto wachanga.

Hawaungi viraka kwanza halafu wakatafuta cha kutia ndani. Wanatandaza kitambaa cha chini, mara nyingi sari kuukuu, wanakunja ukingo wake, wanaanza kushikiza viraka kwenye pembe moja na kuufuata ukingo. Wanazunguka hivyo, kila kiraka kikikanyaga ncha ya mwenzake, bandi ndogo ndogo zikipenya matabaka yote, mpaka wanakutana katikati. Uzito na joto vinatokana na viraka vyenyewe kupandana. Kwenye pembe nne wanamalizia kwa vipande vidogo vya rangi vilivyokunjwa pembetatu, wanaviita phula, maana yake maua, na kwao kwilti isiyo na hivyo haijavikwa nguo bado.

Kwa mtu asiye na cherehani hiyo ndiyo njia bora. Hakuna hesabu ya robo inchi, na kiraka kinaweza kuwa cha ukubwa wowote.

BabaWawili

Hii imenigusa. Watu wetu wamefika huko na wanashona mpaka leo? Asante kaka. Nitaanza hivyo.

Mto_Mississippi

Nawasalimu kutoka Minneapolis. Nimesoma yote. Kwa aliyetilia shaka nguo zilizovaliwa, niwape habari ya huku. Jimbo la Alabama kuna kijiji cha Weusi kwenye kona ya mto, kinaitwa Gee's Bend, wazao wa watu waliokuwa watumwa kwenye shamba la pamba la hapo hapo. Walishona kwilti kwa suruali za shamba, magauni na magunia kwa sababu hawakuwa na kingine. Mwaka 1942 mama mmoja, Missouri Pettway, alichukua nguo za kazi za mumewe aliyefariki akazishona kwilti ili ajifunike. Mwaka 2002 kwilti za kijiji kile zilitundikwa kwenye makumbusho ya Whitney, New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikazichapa kwenye stempu. Magoti ya suruali bado yanaonekana, rangi imepauka pale alipopiga goti.

Bibi yangu mzaa mama alifariki nikiwa huku. Kanga zake dada yangu amezihifadhi kwenye sanduku kule Morogoro. Nilikuwa sijui nizifanye nini. Dada MshonaPindo, kanga za marehemu unaweza kumshonea mtoto wa rafiki, au zibaki ndani ya ukoo?

MshonaPindo

Pole sana ndugu yangu, Mungu ampumzishe. Maoni yangu: za marehemu zibaki kwenu. Rafiki akipewa atahisi amebebeshwa amana isiyo yake, ataogopa kuitandika chini, na kwilti ya mtoto isiyotandikwa chini haina kazi. Mshonee mtoto wa dada yako, au wako. Kwa rafiki, omba kanga za watu walio hai upande wake.

BiMwana_Kisauni

Neno hilo.

Kambini_Ilala

Dada, umesema pasi, umesema kufua kwa mkono. Tupe utaratibu wa kufua, maana mimi nitampa mtu na atanipigia simu.

MshonaPindo

Maji ya kawaida au ya uvuguvugu, sabuni ya mche au ya unga kidogo, bila dawa ya kung'arishia. Usiisokote kuikamua kama jinzi, kwa sababu mishono ya ndani inakatika. Ikunje, ibane kwa viganja mpaka maji yatoke, kisha itandaze kwenye kamba mbili zilizo sambamba ili uzito usining'inie sehemu moja. Ianikwe juani, mahali pa upepo, usiianike kivulini wala kwenye majani. Isiachwe nje usiku. Ikikauka, pasi ya moto, upande wa viraka kwanza halafu geuza, na ukawie kidogo juu ya mishono na pindo, maana pale ni penye unene na moto unachelewa kufika ndani.

Tena kanga mpya ya chini, kabla hujaishona ijaribu rangi. Lowesha kona, weka kitambaa cheupe juu yake, piga pasi. Ikiacha rangi kwenye kitambaa cheupe, fua tena. Nyeusi na nyekundu ndizo zenye kusumbua.

BabaWawili

Swali la mwisho kabla sijaanza. Rafiki yangu na mke wake si watu wa kanga sana, wao bara huko. Baba wa mtoto amekubali kunipa mashati yake ya zamani na kaka yake ana jinzi. Naweza kuchanganya na kanga mbili alizotoa mama yake?

Mzee_wa_Cherehani

Mashati ya pamba ndiyo. Jinzi hapana, kijana. Kitambaa kizito kikiungwa na chepesi, kila ikifuliwa kizito kinamvuta mwenzake, na kanga itararuka pembeni ya mshono huku jinzi iko vile vile. Na sindano ya mkono kwenye jinzi itakuchosha kabla hujamaliza safu. Jinzi ishone na jinzi, mkoba au tandiko la nje.

MshonaPindo

Nakubaliana na mzee. Kwenye mashati, fumua kwanza uone vipande vyake: mgongo, vifua viwili, mikono. Kola na kikuku cha mkono ni vigumu, achana navyo. Kifungo toa, na mahali pa tundu la kifungo pasikatwe kiraka. Mgongo wa shati la mtu mzima unatoa karibu viraka 16 vya inchi 5, na ndiyo sehemu iliyochakaa kidogo kuliko zote. Chini ya kwapa usikate. Choma nyuzi kwanza ujue kama ni pamba, maana mashati ya ofisini mengi yamechanganywa.

BabaWawili

Nimechoma mawili, moja limeacha jivu, moja limeacha kidonge. La kidonge nimeliweka pembeni. Kesho naenda kuchukua mengine.